UZI: Fungate Pemba kwa sisi watu wa kawaida. Upepo, maji, usafiri, na kwa nini hela ya fungate itengwe kabla ya ukumbi

Kijana wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Maswali yanayonifikia inboksi ni yaleyale, fungate twende wapi, Unguja au Mauritius au tulale tu Bagamoyo maana hela imeisha, sasa naandika hapa mara moja kila mtu asome. Mimi na mke wangu tulienda Pemba. Sio Unguja, Pemba. Na leo ukiniuliza nakwambia nenda Pemba, kwa hiyo uzi huu ni wa kuwashawishi, sifichi.

Tuanze na hela maana ndo inaua fungate nyingi. Sisi wa bara tuna kamati, kamati inakaa vikao miezi mitatu, michango inakusanywa, mamilioni yanaenda ukumbi, mapambo, MC, muziki, vinywaji, alafu kesho yake asubuhi bwana na bibi harusi hawana hata nauli ya kutoka mjini. Hii kitu inaniuma kweli. Watu mia tatu wamekula wameshiba wamecheza, na wawili walioolewa na kuoa wanaanza maisha na deni la mpambaji. Mimi mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wangu, toka kikao cha kwanza nilimwambia mjomba naomba fungate iandikwe mstari wa kwanza kwenye bajeti, juu ya ukumbi, kinachobaki ndo tupambe. Walinuna baadhi, shangazi zangu hasa, lakini ikapita. Ukumbi ukawa mdogo na wageni wakapungua na hakuna aliyekufa.

Sasa jambo ambalo hakuna anayekwambia. Watu wanapanga tarehe ya fungate kwa kufuata ukumbi ulikuwa wazi lini. Kisiwani mambo yanakwenda kwa upepo na mwezi. Pemba ni ya kijani vile kwa sababu mvua inanyesha kweli, vilima na mabonde mwanzo mwisho, minazi, mikarafuu, miembe, mpunga mabondeni. Masika, kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei, usiende, barabara za shamba matope na baadhi ya hoteli zinafunga kabisa. Juni mpaka Septemba ni kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, hali ya hewa kavu na ubaridi mzuri wa kulala ila upepo una nguvu na bahari upande wa mashariki inachafuka. Oktoba na Novemba bahari inatulia ila vuli inaweza kukunyeshea. Desemba mpaka karibu katikati ya Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, joto, jua kali. Sisi tulienda mwanzo wa Februari na nadhani ndo wakati wenyewe.

Alafu maji. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, yaani maji yanapwa sana na kujaa sana, tofauti inazidi mita tatu. Siku za bamvua asubuhi mida ya saa nne bahari imekimbia, mnaona mchanga, mwani na mawe, alafu jioni mida ya saa kumi imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayatoki mbali na asubuhi ndo yanakuwa yamejaa. Watu wanakwenda Paje au Jambiani kule Unguja wanakuta bahari iko kilometa huko wanaanza kulalamika kwamba wametapeliwa, hapana, hawakuangalia mwezi tu. Ukitaka kuogelea asubuhi na mwenzio panga siku za maji mafu. Ukitaka kutembea juu ya mchanga mbali kabisa na kuogelea jioni jua likizama nenda bamvua. Mwenye hoteli yoyote wa pwani anazijua hizi, muulize kabla hujalipa.

Kufika: ndege ndogo kutoka Unguja ni kama nusu saa mnatua Chake Chake, na kutoka Dar zipo pia. Mzigo kwenye hizi ndege nyingi ni kilo 15 kwa mtu, mwambie bibi harusi mapema. Boti inatoka Dar mnapita Unguja kisha Mkoani au Wete, haiendi kila siku, kwa hiyo ratiba iangalie kwanza ndo ukate tiketi ya kurudi. Kitambulisho cha NIDA au pasi ya kusafiria lazima. Na kila hoteli unayopiga simu uliza bei ya mkaazi, usikubali ile ya dola iliyoandikwa mtandaoni.

Tulilala kwanza gesti ya kawaida Chake, safi, feni, chandarua, tukaulizwa cheti cha ndoa pale mapokezi tukatoa, tukapongezwa. Baadaye tukahamia kaskazini huko Kigomasha tukajilipua siku chache hoteli ya ufukweni. Upande ule ndo kuna ufukwe wa Vumawimbi. Wakuu, Vumawimbi sijui niseme nini. Mchanga mweupe unakwenda mpaka jicho linachoka, hakuna kitanda cha kukodi, hakuna anayekuuzia bangili, kuna wavuvi wanavuta nyavu kwa mbali na sisi wawili. Mke wangu alikaa pale mchana mzima bila kushika simu. Miaka yote ya uchumba mimi Moro yeye Dodoma tulikuwa watu wa kuongea kwa bando, pale ndo tulipanga maisha yetu, watoto, mama yake atakuja lini kukaa na sisi, kiwanja tuuze au tujenge. Sidhani tungeyaongea hayo sehemu yenye disko.

Njia ya kwenda huko inapita katikati ya msitu wa Ngezi. Huo msitu ndo mabaki ya Pemba ilivyokuwa kabla ya mikarafuu, miti mirefu mpaka barabara inakuwa na kiza mchana. Chukueni mwongozaji pale getini, kuna matembezi ya usiku pia kumtafuta bundi mdogo wa Pemba. Kisiwa kina aina nne za ndege ambao hawapatikani kwingine duniani, huyo bundi, ninga wa Pemba, na wengine wawili wadogo wa kwenye maua. Kuna Kidike pia, kati ya Chake na Wete, kwenye popo wa Pemba, wakubwa, mbawa zikifunguka zinafika mita moja na nusu. Miaka ya 1980 mwishoni walikaribia kuisha kwa kuliwa na kukatiwa miti, wanakijiji wakaamua kuwalinda, sasa wako maelfu kwa maelfu. Mke wangu aliogopa kwanza akaishia kukataa kuondoka.

Karibuni maswali.

Chagadume

Mkuu hongera kwa ndoa lakini tuambizane ukweli. Pemba nimekwenda kikazi. Saa mbili usiku mji umelala. Hakuna bia, hakuna mziki, hakuna nyama choma. Mtu ametoka kuoa umpeleke huko mkae mnaangaliana? Nungwi na Kendwa ndo fungate, ufukwe mzuri, maji hayatoki sana, usiku pana uhai.

Kijana wa Kihonda

@Chagadume Nungwi na Kendwa sizipingi mkuu, na kweli pale maji hayakimbii kama pwani ya mashariki, anayetaka uhai wa usiku aende na atafurahi. Ila kukaa mnaangaliana ndo nilichokuwa nakitafuta. Kazini naonana na watu kutwa, harusini nimesalimia watu mia tatu. Na saa mbili usiku Chake hailali yote, pale mjini kuna wauza kahawa na kashata, kuna mishikaki na pweza wa kuchoma, tulikuwa tunakaa na wazee kwenye baraza wanatupigisha stori. Bia ni kweli, kama kwako ni muhimu baadhi ya hoteli za kitalii wanayo, mitaani usitafute.

bint_wete

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Wete, naishi Dar sasa, huu uzi umenitia hamu ya kwetu.

Nataka niongeze kitu maana watu wa bara mnadhani fungate ni kusafiri. Kwetu fungate mnakaa ndani, siku saba bibi harusi na bwana harusi hawatoki, chakula kinaletwa kutoka kwao bibi harusi, somo wake, yaani kungwi, yupo karibu anamwangalia, chumba kinafukizwa udi, kitanda kinamwagiwa asumini na mrehani. Mamaangu alinifanyia vyote. Asubuhi mikate ya kumimina na maini, au bokoboko, mchana pilau, usiku mchuzi wa pweza wa nazi na mkate wa ufuta. Hujui unachokula umekipikiwa na nani katika shangazi zako lakini unajua wote wanakuombea. Wala hatukuona bahari na ilikuwa ndo fungate bora kwangu, wallahi.

Kwa hiyo nnachosema, mkienda Pemba msijifungie hotelini tu mkala chipsi. Mwambieni mwenye gesti mmetoka kufunga ndoa. Watu wa Pemba wakisikia maharusi hawawezi kukaa kimya, utaletewa kitu. Mkitaka vikuba, yaani vishada vya maua, kina mama wa sokoni wanatunga, ua la kilua likipatikana ndo usiseme, harufu yake inakaa kwenye mto mpaka asubuhi. Na halua ya Wete msirudi bila hiyo, muipakie kwenye kile kikapu cha ukindu.

Na shokishoki! Kaskazi ndo msimu wake, zinauzwa kwa mafungu njiani.

Kijana wa Kihonda

Dada @bint_wete umesema kweli tupu, tuliletewa. Mama mwenye gesti alimpaka mke wangu hina mpaka kwenye viwiko na akakataa hela. Ahsante sana.

Lulu wa Mwanza

Habari zenu, naolewa mwaka huu Mungu akipenda. Mimi ni Mkristo, mchumba wangu pia. Je tutakuwa huru huko? Mavazi yakoje, kuogelea je? Na Ramadhani watu wanafanyaje? Alafu nisaidieni kuhusu boti, mimi bahari naiogopa toka nisikie ile meli iliyozama 2011.

bint_wete

@Lulu wa Mwanza hongera mdogo wangu. Mtakuwa huru kabisa, kwetu wapo Wakristo na makanisa yapo. Mavazi ni hivi, ukiwa mjini na vijijini vaa kitu cha kufunika mabega na magoti, khanga moja begani inatosha, dera ndo zuri zaidi na joto lile. Bwana naye asitembee kifua wazi sokoni. Kuogelea ufukwe wa hoteli vaa unachovaa. Ufukwe wa kijiji ingia na tisheti na taiti, ndivyo tunavyoogelea sote. Kushikana mikono hakuna neno, mengine yawekeni chumbani.

Ramadhani nakushauri msije fungate mwezi huo. Mchana migahawa imefungwa, kula hadharani haifai, na nyinyi mnataka kula vizuri na kutembea. Angalia kalenda kwa sababu kila mwaka inasogea nyuma kama siku kumi na moja. Ila ikiwaangukia Idi mmepata, Idi Pemba ni raha.

Nahodha Mstaafu

Salaam wanangu. Nimezeeka baharini nitajibu hilo la boti.

Binti yangu wa Mwanza, kuogopa si kosa. Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba na hakuna nyumba kisiwani ambayo haikuguswa, kwa jamaa au kwa jirani. Ilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Ukifika bandarini ukaona watu wamezidi, usipande hata kama tiketi unayo mkononi. Hilo ndilo la kuangalia kuliko ukubwa wa wimbi.

Ukitoka Unguja, mpaka unapita Nungwi umekingwa na kisiwa. Ukishaiacha ncha ya Nungwi unaingia mkondo ulio wazi, hapo ndipo chombo kinacheza, na kusi likivuma Julai na Agosti linacheza sana. Kaskazi nalo lina siku zake za Januari. Kula kitu kikavu kabla, kaa katikati ya chombo chini na si mbele juu, angalia upeo usiangalie simu. Kama roho haitaki kabisa panda ndege, ni nusu saa tu na utaona visiwa vidogo vya magharibi ya Pemba kwa juu, vinapendeza.

Misali mleta uzi hukuitaja. Umeshuka Pemba hukwenda Misali?

Kijana wa Kihonda

Shikamoo mzee wangu. Tulikwenda, niliiachia makusudi nije niandike kwa nafasi.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, mnapanda boti ya faiba pale Wesha. Hakuna hoteli, hakuna anayeishi zaidi ya walinzi na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi. Ni hifadhi toka 1998, mnalipa kiingilio. Matumbawe yako karibu na ufukwe, mnavaa miwani ya kuzamia mnaweka uso majini mnaona kila kitu, samaki wa rangi zote, matumbawe mengine makubwa kuliko meza. Mke wangu hajui kuogelea, alivaa laifu jaketi akashika kamba ya boti na akaona vilevile. Kasa wanapanda kutaga huko. Tumepewa kisa pale na mlinzi, kwamba Nabii Khidhri alifika akawaomba wavuvi mkeka wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki chote kitakuwa msala wangu. Nadhani ndo maana watu wa pale wanakitunza kwa adabu hivyo, wavuvi wenyewe walikuwa wanatuonyesha wapi tusikanyage.

Mpemba Halisi

Yakhe umeeleza vizuri lakini karafuu umeipita juu juu! Mtu anakuja Pemba hajazungumza karafuu? Hebu skiza. Karafuu kwanza ilikuwa Unguja, mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, toka hapo sie ndo wenye karafuu mpaka leo. Mchumo wake hauji sawa kila mwaka, lakini ukibahatika kuja wakati wa mchumo utaona majamvi kila ubavu wa barabara, zinaanikwa, kijani zinakwenda nyekundu zinakwenda hudhurungi, kisiwa chote kinanukia, unaweza kujua umefika Pemba macho umefumba. Vijana wako juu ya mikarafuu wanaimbiana. Chini mabibi na watoto wanachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu.

Angalizo kwa maharusi, msinunue gunia la karafuu kwa mtu njiani mkasema mnapeleka zawadi, mnunuzi ni ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuitoa kisiwani kienyeji ni magendo, mtapata taabu bandarini. Nunueni pakti dukani. Au bora nendeni kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi, Chake, wanatoa mafuta ya makonyo, ya mchaichai, ya mdalasini, mnaoneshwa mitambo na mnanunua chupa ndogo. Huyo bibi harusi atakukumbuka.

Na mkija kaskazi ulizieni mchezo wa ng'ombe. Tuliachiwa na Wareno, ng'ombe hauawi wala hachomwi mkuki, anachezwa tu, ngoma zinapigwa, kijiji kizima kipo.

Lulu wa Mwanza

Jamani nimewasoma wote mpaka mchumba wangu nimemtumia. Swali la mwisho, tukiwa hatuna gari tunazungukaje, na hela tunatoa wapi? Na nahodha babaangu, Misali twende siku gani ya mwezi?

Kijana wa Kihonda

Daladala zipo toka asubuhi mpaka jioni, Chake kwenda Wete, Mkoani, Konde. Konde ndo mwisho, kwenda Ngezi na Vumawimbi chukueni bodaboda au mkubaliane na mwenye gari awangoje, maana kurudi jioni hakuna kitu. Vespa za kukodi zipo pia. Hela toeni Chake kabla hamjaenda kaskazini, mitandao ya simu inafanya kazi lakini wenye boti na waongozaji wengi wanataka mkononi. Na Lulu, kamati yako ikianza kukaa mwambie mwenyekiti mapema kabisa, kabla mpambaji hajaleta picha zake. Akishaleta picha umechelewa.

Nahodha Mstaafu

Misali mwanangu nenda siku za maji mafu, mwezi saba nane au ishirini na moja, ishirini na mbili kwa hesabu ya kiislamu. Asubuhi maji yamejaa, hayana kasi, hayana taka, mtaona chini kabisa. Mfike Wesha saa moja na nusu, muondoke kabla upepo haujaamka. Mwulizeni nahodha ana laifu jaketi ngapi na mzihesabu mbele yake. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha maana kisiwani hakuna, na chakula, na taka zenu mrudi nazo. Saa nane mchana muwe mmeshaanza kurudi, upepo wa alasiri unawapiga ubavuni na huyo asiyejua kuogelea atachukia bahari bure.